Kufuli la Dakika Kumi

Tarehe 3 Machi

Dada mpendwa,

Ninachokuandikia hapa sijamwambia mtu yeyote, hata mama ninayelala naye chumba kimoja. Fundi Sentimita hakusahau kumpima yule mtoto. Alimpima. Vipimo vyake vilipotea kwa sababu yangu.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yangu mama huishika akitaka, na kwenye kompyuta za karakana yetu ya viungo bandia kila unachofungua kinaandikwa. Unajua, wewe ndiye uliyeifundisha mashine tabia hiyo.

Unakumbuka siku uliyoniachia kazi, wiki ile ile niliyomaliza shule? Ulinionyesha maktaba yako ya programu ukasema: "Hii ndiyo inayoziwezesha kompyuta zote saba kufungua mafaili ya wagonjwa yaliyo kwenye mashine moja kabatini. Mtu akifungua faili, maktaba inalifunga kufuli. Wengine watasoma tu, hawaandiki mpaka amalize. Wewe usiiguse. Kazi yako ni kufuta vumbi na kuwafungulia wanaosahau."

Wanaosahau ni wote, dada. Mtu anafungua faili, anakwenda kunywa chai, anakwenda kusimulia habari za mpira. Mwingine akilitaka, kioo kinamwambia linatumika. Basi hapo inaanza: "Bubu! Nifungulie!" "Bubu, umelala?" Ndiyo, wananiita Bubu. Sikukuambia. Nami kabla ya kufungua lazima niende kwa aliyelishika nimuulize, "Umemaliza?" Neno moja tu. Wewe huwezi kuelewa, wewe unabishana bei mpaka muuzaji anaomba radhi. Mimi nanunua pale palipobandikwa bei ili nisiulize. Kuvuka chumba kizima, watu wakinitazama, nikasimame mbele ya mtu mzima kama askari wa kodi na kusema "umemaliza?" mara ishirini kwa siku, sikuweza. Nilikuwa nakwenda chooni kujificha.

Basi mwezi wa kwanza nikaifungua maktaba yako. Nikaongeza mistari minne. Kwamba aliyelishika faili asipogusa kitu kwa dakika kumi, kufuli lifunguke lenyewe. Kelele zikaisha siku hiyo hiyo. Msimamizi akapita mezani kwangu akasema, "Bubu siku hizi ana faida." Niliikumbatia sentensi hiyo wiki nzima. Naona haya kuiandika.

Ila sikuweka onyo. Aliyenyang'anywa kufuli haambiwi, na kompyuta yake bado inamwacha ahifadhi. Nilijua nikiweka onyo watakuja kuniuliza maana yake.

Sasa Fundi Sentimita unajua anavyofanya kazi. Analifungua faili kwanza, kabla hajamgusa mgonjwa, ili asichanganye watu. Kisha anaingia chumba cha vipimo na utepe wake, anapima mara tatu, anaandika namba kwenye mkono wake wa kushoto kwa kalamu, kuanzia kifundo kupanda juu. Anarudi, anaziingiza kwenye kompyuta, anaosha mkono. Miaka thelathini na moja anafanya hivyo.

Tarehe 6 mwezi uliopita alimfungulia faili binti wa muuza maziwa, yule wa miaka kumi na miwili anayevaa mguu bandia upande wa kulia. Ilikuwa saa tatu na dakika tano. Saa tatu na robo kufuli likafunguka lenyewe. Saa tatu na dakika ishirini karani wa mapokezi akalifungua faili hilo hilo abadilishe namba ya simu ya mzazi, katikati akapigiwa simu akaanza kucheka na mtu. Saa tatu na dakika arobaini Fundi akarudi, akaingiza vipimo vipya, akahifadhi, akaosha mkono. Dakika kumi na mbili baadaye karani akakata simu, naye akahifadhi. Kwenye kioo chake kulikuwa na faili la zamani, vipimo vya miaka miwili iliyopita. Likalifunika la Fundi. Hakuna kilicholia, hakuna kilichowaka.

Yote hayo nimeyasoma kwenye lile daftari la mashine linalojiandika lenyewe nani kafungua nini saa ngapi. Hakuna mwingine anayelisoma.

Chumba cha nyuma wakatengeneza mguu kwa kufuata faili. Juzi mtoto akaja kuuvaa. Ni mfupi kwa sentimita nne na nusu. Alisimama kati ya vile vyuma viwili vya kushikilia, akapiga hatua moja, akaanguka na kugonga kidevu kwenye chuma. Damu ilikuwa nyingi. Mama yake alipiga kelele mpaka watu wa duka la jirani wakaja. Walikuwa wamesubiri mguu huo miezi mitano, tangu walipoandikishwa.

Msimamizi akafungua faili mbele ya wote. "Hivi ni vipimo vya mwaka juzi. Hukumpima."

"Nilimpima," Fundi akasema.

"Viko wapi?"

Dada, Fundi akautazama mkono wake wa kushoto. Kama kwamba bado vingekuwepo.

Amesimamishwa kazi. Kikao ni tarehe 24. Msimamizi anasema uzee umemwingia kichwani. Nami nilikuwa nimesimama karibu na kabati, nikifuta vumbi lisilokuwepo.

Niambie nifanye nini. Nina hasira na karani, na Msimamizi, na waliokuwa wananiita Bubu. Nina hasira zaidi na mimi.

Mdogo wako


Tarehe 9 Machi

Mdogo wangu,

Nimesoma barua yako mara mbili, ya kwanza nimesimama, ya pili nimekaa chini.

Nilikuambia nini? Usiiguse. Nilitumia Kiswahili au nilitumia lugha ya ndege? Maktaba ile niliiandika miezi kumi na nne. Unajua kwa nini nilikataa kufuli la kujifungua lenyewe? Kwa sababu hii! Mtu kunyamaza si mtu kumaliza. Nililifikiria jambo hilo wiki mbili nzima, nikalikataa, halafu wewe unakuja na mistari yako minne kwa sababu unaona haya kuvuka chumba. Chumba chenyewe hatua kumi na tano!

Na hao wanaokuita Bubu, nikija nitawanyoosha mmoja mmoja. Ila hilo ni la siku nyingine.

Sasa nisikilize vizuri. Usiseme kitu. Usimwambie Msimamizi, usimwambie Fundi, usimwambie mama maana mama akijua sokoni wamejua. Kampuni niliyopo inataka kuipeleka maktaba hii kwenye karakana nyingine kumi na mbili. Jina langu liko mstari wa kwanza. Mwezi ujao ndipo wanaamua kama wananiajiri kabisa au narudi nyumbani na sanduku langu. Leo ikisikika kwamba maktaba ya fulani imekula vipimo vya mtoto akaanguka na kupasuka kidevu, nani atauliza ni mistari ya nani? Watasema ni ya jina lililo juu.

Na wewe utafukuzwa kabla hujamaliza sentensi.

Fundi ana miaka sitini na minne, anastaafu mwakani. Watampa onyo, watampa keki, ataondoka. Nampenda mzee yule, usifikiri simpendi. Lakini yeye anamalizia kazi na sisi tunaanza.

Iondoe mistari yako minne leo. Rudisha kufuli lilivyokuwa. Mengine niachie, nitayaangalia mwenyewe kutoka huku.

Na chakula ule, mama ameniandikia kwamba huli.

Dada yako


Tarehe 14 Machi

Dada,

Umeyaangalia. Nimeona ulivyoyaangalia.

Kufuli nimelirudisha siku niliyopata barua yako. Jana nilitaka kuchapa kurasa za daftari la mashine, zile za tarehe 6, nizikunje niziweke ndani ya kitabu, hata kama nisingempa mtu. Nikafungua. Tupu. Kuanzia siku mashine ilipowashwa mpaka tarehe 11 mwezi huu hakuna hata mstari. Neno la siri la mashine ile tunalo watu wawili, na mimi sikufuta.

Umeingia kutoka huko ulipo, kwa maktaba hiyo hiyo unayojivunia, ukafuta kitu pekee kilichokuwa kinajua kwamba Fundi hakusema uongo. Na wala hukuniambia. Ulijua nikijua nitalia, ukaona bora nigundue mwenyewe.

Sasa nikuambie kilichotokea juzi, ili nawe usilale vizuri.

Msimamizi alinituma nimpelekee Fundi vitu vyake nyumbani: aproni, kikombe, utepe wa kupimia. Mkewe alinifungulia, akaniambia kwa sauti ya chini, "Ingia, binti, ila usimcheke." Nikaingia. Fundi amekaa mezani, mkono wa kushoto juu ya meza, kalamu mkononi. Ameandika mkono mzima, kutoka kifundo mpaka kwenye kiwiko. Si vipimo. Ameandika siku ya leo. Majina ya wajukuu wake wote sita. Mahali alipoweka ufunguo. Alichokula jana. Kila asubuhi, anasema mkewe, anaandika, halafu jioni anafumba macho na kujaribu kuvitaja, kisha anafumbua kuhakikisha.

Alinitazama akasema, "Binti wa kompyuta. Wewe hukaa karibu na mlango wa chumba cha vipimo. Siku ile uliniona nikiingia na yule mtoto?"

Nilimwona, dada. Nilimwona kabisa. Mtoto alikuwa amevaa sweta la kijani na alinitolea ulimi.

Nikasema, "Sikumbuki, Fundi."

Akaitikia kwa kichwa, polepole. "Basi tuko wawili," akasema, akacheka. Mkewe hakucheka. Fundi akauchukua utepe wake akauzungusha kwenye vidole, akauweka chini. Kisha akaniambia, "Mimi naukumbuka mguu wake. Nakumbuka hata kovu dogo lililo upande wa ndani. Lakini labda ni kovu la mwaka juzi. Hilo ndilo linalonitesa. Labda nakumbuka mwaka juzi."

Watampa keki, ulisema.

Ulinisimulia mwenyewe kwamba kabla ya maktaba yako walikuwa wanatumia vibanio vya nguo. Anayechukua faili anabana kibanio chenye namba yake kwenye aproni, asiye na kibanio haandiki. Ukaja na kompyuta zako wote wakagoma, na Fundi ndiye wa kwanza kukivua kibanio chake akakutupia kwenye boksi. Akakuambia, "Shika, binti. Kichwa changu nakuwekea humo ndani." Ulinisimulia huku unalia kwa furaha. Sasa kichwa chake umekitia wapi?

Sitaki unijibu kuhusu kampuni. Nataka unijibu kuhusu hilo.

Mdogo wako


Tarehe 19 Machi

Mdogo wangu,

Ndiyo, nilifuta. Nilifuta saa ya chakula cha mchana, dakika tatu, nikarudi kula.

Unataka nikujibu kuhusu kichwa cha Fundi. Nina jibu kuhusu kodi ya chumba cha mama, kuhusu dawa za mama, kuhusu wewe unayesubiri matokeo na unataka kuendelea na masomo. Hayo nayajibu kila mwisho wa mwezi, peke yangu, wala sijaona barua yoyote ya hasira kuhusu hayo.

Ukiongea, sina namna ila kusema ukweli wote: kwamba mistari ile minne ni yako, kwamba nilikukataza. Sitakubebea. Umesikia? Na daftari halipo, kwa hiyo utasimama mbele ya watu wazima ukiwa na mdomo mtupu, wewe ambaye huwezi kuuliza "umemaliza?" Watakucheka.

Nyamaza. Unajua kunyamaza kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Safari hii fanya hivyo kwa faida.

Dada yako


Tarehe 26 Machi

Dada,

Walicheka. Hapo ulisema kweli.

Kikao kilifanyika kwenye chumba kikubwa, karibu na vile vyuma viwili. Msimamizi, karani, mafundi wa chumba cha nyuma, mama wa mtoto, Fundi na mkewe. Mimi niliitwa niwashe kompyuta na kukaa pembeni. Msimamizi alisoma karatasi yake. Akamuuliza Fundi kama ana la kusema. Fundi akasimama, akasema, "Nilidhani nilimpima. Kama faili linasema sikumpima, basi—" Hakumalizia. Alikuwa anakwenda kusema basi ni kweli. Nilikuwa naliona neno likimjia mdomoni.

Nikasema, "Alimpima."

"Nani kasema hivyo?" Msimamizi akageuka akitafuta. Alimwangalia mkewe, akamwangalia mama wa mtoto. Hakuniangalia mimi. Hakuwahi kuisikia sauti yangu.

"Mimi."

Karani akapiga kofi pajani. "He! Kumbe Bubu anaongea!" Chumba kikacheka chote. Mtu mmoja akasema niwekwe kwenye kumbukumbu za kikao. Nilisikia masikio yangu yakiwaka moto. Nilitamani kwenda chooni. Lakini nilikuwa na hasira nawe, dada, hasira nyingi kiasi kwamba haya ilikosa mahali pa kukaa. Barua yako ilikuwa mfukoni mwangu. Kila walipocheka niliibana.

Nikawaambia sina karatasi wala ushahidi. Nikaomba dakika ishirini tu. Tangu siku ile ulipoandika watanicheka nilikuwa nimeshaandaa nakala ya maktaba yenye mistari yangu minne, kama ilivyokuwa tarehe 6, na faili la mgonjwa asiyekuwepo. Nikamwambia Fundi alifungue kwenye kompyuta yake kisha ampime Msimamizi mguu.

"Mimi?" Msimamizi akasema.

"Kunja suruali," mama wa mtoto akamwambia. Hakuna aliyecheka hapo.

Fundi akachukua utepe wake. Akapiga goti. Akapima mara tatu, akaandika namba kwenye mkono wa kushoto, kutoka kifundo kupanda juu. Kisha nikawaambia tusubiri. Zilibaki dakika sita. Dada, umewahi kukaa kimya na watu kumi na moja kwa dakika sita? Mimi ndiye bingwa wa kimya lakini kimya kile kiliniumiza mifupa. Feni ilikuwa inazunguka. Mke wa Fundi alikuwa anamtazama mumewe mkono tu.

Dakika ya kumi ilipopita nikamwambia karani alifungue faili lile lile kwenye kompyuta yake, aanze kubadilisha namba ya simu. Likamkubalia. Akashangaa, "Si lilikuwa kwa Fundi?" Fundi akarudi mezani, akaingiza namba zake, akahifadhi. Hakuna kilicholia. Nikamwambia karani naye ahifadhi. Kisha nikafungua faili kwenye kioo kikubwa.

Namba za Fundi hazikuwepo.

"Soma mkono wako, Fundi," nikasema. Sauti ilinitoka nyembamba kama ya mbu, lakini ilitoka.

Akasoma. Akatazama kioo. Akasoma tena mkono wake, polepole, kidole kikifuata kila namba kama mtoto wa darasa la kwanza. Mkewe akafunika uso kwa kitambaa.

Msimamizi akiwa bado na suruali imekunjwa upande mmoja akaniuliza, "Nani aliiweka hivi?"

"Mimi. Mistari minne. Niliogopa kuwauliza kama mmemaliza."

"Na daftari la mashine liko wapi?"

"Limefutwa."

"Umelifuta wewe?"

Nikanyamaza. Wakadhani ni mimi. Niliwaona wakidhani. Maisha yangu yote nimenyamaza kwa woga, na hii ni mara ya kwanza kunyamaza kwa kutaka. Usifikiri ni kwa sababu nakuonea huruma. Nimekuachia sentensi hiyo uiseme mwenyewe.

Fundi hakunishukuru. Alinipita mlangoni kama anavyopita kiti.

Mdogo wako


Tarehe 29 Machi

Kwa binti wa kompyuta,

Mke wangu ameniambia nisikuandikie nikiwa na hasira. Nimesubiri siku tano. Haijaisha, kwa hiyo naandika.

Ulikuja nyumbani kwangu. Ulikaa kwenye kiti changu, ukanywa chai yangu. Nikakuuliza kama uliniona, ukasema hukumbuki. Mistari yako minne naweza kuielewa, mtoto mchanga kazini huharibu, mimi mwaka wangu wa kwanza nilitengeneza mguu wa kushoto kwa mtu wa kulia. Hilo la kwenye kiti changu silielewi.

Ishirini na mbili. Hizo ndizo siku nilizodhani kichwa changu kimeondoka bila kuniaga. Nilimwonyesha mwanangu mkubwa mahali nilipoweka hati za nyumba. Nilianza kuaga watu.

Nimemwambia Msimamizi asikufukuze. Usidhani ni huruma. Ukiondoka, siku kitu kingine kikipotea nani ataniambia kama ni mimi au ni mashine? Wewe sasa una deni hilo kwangu mpaka nistaafu.

Na sharti langu ni hili. Kila nikishika faili, utavuka chumba kwa miguu yako, utasimama mbele ya meza yangu, utaniuliza kwa sauti ya kusikika: "Fundi, umemaliza?" Ukiuliza kwa sauti ya mbu sitakujibu. Nitakuacha umesimama.

Fundi


Tarehe 4 Aprili

Mdogo wangu,

Nimemwandikia Msimamizi. Mistari mitatu: nimelifuta mimi, nililifuta kutoka huku, mdogo wangu hakujua. Nakala nimempa mkuu wangu wa hapa. Aliisoma, akavua miwani, akaniambia nirudi Jumatatu. Jumatatu yenyewe haijafika. Sanduku nimelitoa chini ya kitanda, endapo.

Usinishukuru. Bado nina hasira nawe. Ulinyamaza ukijua nitashindwa kulala, ukanitega kwa kimya chako kama mtego wa panya. Hilo umelirithi kwa mama.

Nimeandika pia barua kwa Fundi. Nimeichana. Nimeandika nyingine. Hiyo nayo iko hapa mezani. Wewe unayeonana naye kila siku, niambie: amepona?

Dada yako


Tarehe 11 Aprili

Dada,

Sasa nauliza "umemaliza?" mara ishirini kwa siku. Siku ya kwanza Fundi aliniacha nimesimama mara tatu mpaka sauti ikatoka. Karani bado ananiita Bubu, lakini jana nilimwambia, "Bubu anauliza kama umemaliza kucheka na simu," na chumba cha nyuma wakapiga meza. Boksi la vibanio limerudi pia. Msimamizi anataka vyote viwili, kufuli la maktaba na kibanio cha aproni. Tunaonekana kama kamba ya kuanikia nguo.

Binti wa muuza maziwa alikuja Jumatano na mguu mpya. Safari hii Fundi aliukagua mwenyewe chumba cha nyuma kabla haujatoka. Mtoto alitembea mpaka mwisho wa vyuma, akageuka, akarudi. Kidevu kina mshono. Akaja mezani kwangu.

"Ni wewe uliyenikata sentimita nne?"

"Na nusu," nikasema.

"Usirudie." Akanitolea ulimi, akaondoka akitembea. Nilimtazama mpaka akapita duka la jirani.

Umeniuliza kama Fundi amepona. Mbele za watu, ndiyo. Anafoka, anapima mara tatu, anasema barua ya kumsimamisha kazi ameifungia viatu. Lakini ameanza kuvaa mashati ya mikono mirefu, na joto lote hili.

Jana nilikwenda kumuuliza, nikamkuta kwenye bomba peke yake. Alikuwa amekunja mkono wa kushoto. Namba za asubuhi bado zilikuwepo, za wagonjwa wote wanne. Haoshi tena, dada. Chini ya kila mgonjwa ameandika neno moja na saa: "Nilipima. Saa tatu na nusu." "Nilipima. Saa tano." Na juu kabisa, karibu na kiwiko, ambako wino umekuwa wa zamani na haufutiki vizuri, kulikuwa na yale majina sita ya wajukuu.

Aliniona nikiona. Akashusha mkono wa shati, akafunga kifungo.

"Hukuona kitu," akasema.

"Sikuona, Fundi."

"Sema kwa sauti."

"Sikuona kitu, Fundi."

Akanipita. Safari hii alinigusa bega, kidogo tu, kama mtu anayejaribu kama rangi imekauka.

Kufuli nililirudisha kwa kazi ya nusu saa. Hili la Fundi kukiamini kichwa chake sijui litarudi lini, na tumelivunja wawili. Ndiyo maana nakuandikia wewe na si mwingine. Barua yako ya mezani mtumie, lakini usimwombe msamaha kwa maneno mengi, na usitaje mkono wake. Msimamizi asijue. Mama asijue. Hata mkewe anadhani ameacha. Ile siri ya kwanza niliyokupa ilikuwa ya kwetu, ilistahili kutoka. Hii si ya kwetu. Soma, kisha barua hii ichome, na usimwambie mtu.

Mdogo wako